Maji Kwenye Oili ya Mzee Ambakisye

Nikiri mapema. Siku ya kwanza kuingia gereji ile ya Uyole, Mbeya, niliuamkia mtambo shikamoo. Ukaninusa kiganja kwa mkonga wake, ukatangaza: "Injini haijapatikana."

Mtambo wenyewe unaitwa mnusaji. Unaingiza mkonga kwenye injini, unaonja tone moja la oili, na kabla hujamaliza kukohoa umeshajua gari linaumwa nini. Mitambo mingine inafungua nati. Magari siku hizi yanajipeleka gereji yenyewe, wenye nayo wanabaki nyumbani.

Mtu alikuwa mmoja tu mle ndani: Tunsume, fundi wa diploma, kwenye chumba cha vioo. Kampuni ilimweka ajibu yale ambayo mnusaji hayajui. Yalikuwa machache mno. Siku nyingine alifika jioni hajatamka neno.

Mteja pekee aliyekuja na gari lake alikuwa Mzee Ambakisye, mgane mwenye pikapu kuukuu ya dizeli.

"Shikamoo baba. Leo tena?"

"Marahaba mama. Tena." Akaipigapiga boneti. "Bibi huyu kaanza kunywa chai ya maziwa."

Tunsume akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kweli, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, nzito, ina povu. Ingekuwa chini ya mfuniko wa oili tu, angesema ni jasho la injini, baridi ya Mbeya hiyo. Lakini kwenye kijiti, maji yameshachanganyika.

"Umeliwasha?"

"Nimevutwa. Si ulisema nikiwasha hivi beringi zinakwisha?"

"Angalau unasikia."

"Nasikia vizuri sana. Kwangu hakuna kelele."

Mnusaji akaonja. "Kulanti ndani ya oili. Chanzo hakijulikani."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu maji ya kupozea injini kukutwa kwenye oili. Mara ya kwanza walibadilisha gasketi ya silinda hedi, mara ya pili kipoza oili. Sasa wakajaza upepo kwenye rejeta, wakasubiri. Presha haikushuka; hakuna panapovuja. Na kulanti yenyewe ilikuwa imejaa pomoni, wakati injini inayovuja ndani lazima ipungukiwe.

Tunsume akainama. Kwenye uzi wa mfuniko wa kujazia oili kulikuwa na tone la kijani. Rejeta ya pikapu ile aliijaza yeye mwenyewe, kwa kulanti nyekundu.

"Baba. Unamimina mwenyewe."

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu. "Kikombe kimoja tu."

"Kwa nini?"

"Benki naongea na mtambo. Hospitali mtambo. Dukani mtambo, tena una adabu kuliko mkwe wangu. Hapa nikiharibu gari, kuna mtu ananiuliza nimeamkaje."

Tunsume akalifuta lile tone kwa kitambaa. "Utaliua. Beringi zake hazitengenezwi tena popote. Likifa linasagwa, na kuja huji tena."

"Ndiyo maana nikapima kikombe."

Tunsume alicheka, akashangaa sauti yake mwenyewe. Akamwaga oili yote, akabadilisha filta, akaisuuza injini kwa oili ya bei rahisi, akaimwaga nayo, kisha akajaza mpya.

"Usimimine tena. Ijumaa njoo kwa miguu. Nitachemsha chai ya kweli."

Mzee alipoondoka, mnusaji akauliza: "Chanzo?"

Tunsume hakujua kudanganya, hata mtambo. Akajibu: "Mwenye gari. Mpweke."

Mnusaji akajifunza. Lilikuwa jibu la mwisho ambalo mtambo ulikuwa haujalijua, na kampuni haikuona sababu ya kuendelea kumlipa mtu wa kujibu. Kabla ya Ijumaa chumba cha vioo kilikuwa kimeng'olewa, na Tunsume amekwenda zake, hana namba ya mzee wala hajui anakoishi.

Ijumaa Mzee Ambakisye alikuja na shati la kanisani na mkungu mdogo wa ndizi. Lango la gereji linafunguka likiona gari. Yeye hakuwa na gari. Akalisogelea, akainama kwenye tundu la kusemea.

"Tunsume, mama. Ni mimi. Nimekuja kwa miguu kama ulivyosema. Nifungulie."