Kamba ya Wakesho na Ramani ya Karani

Shamba la Wakesho liko kwenye mteremko. Mvua kubwa ikinyesha, udongo huteremka nayo. Asubuhi yake Wakesho huuzoa kule chini, akaujaza kwenye karai na kuupandisha tena juu, kichwani. Ndivyo wanavyolima watu wengi wa milima ya Mghange. Mume wake alikuwa amefariki, na maharagwe na kabeji za shamba hilo ndizo zilizomlisha binti yake Wakio na wadogo zake.

Mwaka wa 1975 mashamba ya kijiji chao yalipimwa, ili kila mtu apate namba yake. Ramani ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kamati ya ardhi. Wakesho hakusoma sana, lakini tarakimu alizijua. Aliona urefu wa shamba lake umeandikwa mita sabini na tano.

"Sabini na tano?" akasema. "Nani amekula shamba yangu?"

Alikwenda dukani, akapima kamba ya mita kumi kwa ile fimbo ya kupimia vitambaa. Kisha akapima shamba lake, kutoka barabara ya juu hadi mpaka wa chini. Kamba ilitimia mara kumi. Mita mia moja!

Basi akamshukia Silvanus, mdogo wa marehemu mume wake. Shamba la Silvanus liko chini ya lake, kwenye tambarare ya kando ya kijito.

"Shemeji, umesogeza mpaka! Unamnyang'anya mjane wa ndugu yako?"

"Mama Wakio, haki ya Mungu sijagusa hata jiwe moja."

"Kwa hivyo mita ishirini na tano zimeota miguu?"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata kanisani.

Wakesho alipeleka malalamiko kwa kamati. Karani alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, wewe umepima mlima na kamba ya ng'ombe! Ramani haipimi mlima. Inaonyesha ardhi vile ndege anaiona kutoka juu. Mteremko lazima upungue. Nenda nyumbani. Na ujue Ijumaa ndiyo mwisho wa malalamiko. Baada ya hapo hatubadilishi kitu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Kumcheka mtu ni kazi rahisi. Je, kumweleza kungempunguzia karani nini?

Njiani Wakesho alipita kwa jirani yake Thadeus, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Alimweleza yote huku akilia kwa hasira.

"Karani amekwambia kweli, lakini nusu," Thadeus akasema. "Ona ngazi yangu. Nikiilaza chini, inachukua nafasi gani?"

"Nafasi ndefu."

Thadeus akaiegemeza ukutani. "Na sasa? Pima kwa macho, kutoka mguu wa ngazi hadi ukuta."

"Imekuwa fupi."

"Lakini ngazi ni ile ile. Shamba lako nalo limeegemea mlima. Kamba yako ilipima ngazi. Ramani inaandika ule urefu wa chini."

Wakesho aliitazama ngazi. Alimkumbuka Silvanus, akaona aibu. "Kumbe hakuna aliyeniibia?"

"Ngoja kwanza. Ramani itapunguza, sawa. Itapunguza kiasi gani? Hilo hakukwambia, na hilo ndilo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanajifunza. Ukijua pembe ya mteremko, unajua urefu wa chini. Hesabu hiyo inaitwa kosaini."

Walikwenda shambani. Thadeus alilaza ufito mrefu juu ya udongo, akaweka juu yake kipimapembe kikubwa cha ubaoni chenye uzi na jiwe. Uzi ulining'inia wima, akasoma pembe. Akarudia katikati na chini. Kila mahali ilikuwa digrii thelathini. Akafungua kitabu cha majedwali ya hesabu.

"Kwa pembe hii, mita mia za mteremko zinakuwa themanini na saba kwenye ramani. Mteremko ukiwa mkali zaidi, zinapungua zaidi. Kwenye tambarare hazipungui."

"Lakini wao wameandika sabini na tano!" Wakesho akahesabu kwa vidole. "Mita kumi na mbili! Hizo hazikupunguzwa na mlima. Hizo zimeibwa!"

"Zimepotea. Kabla hujamshika mtu tena, tupime kwa Silvanus."

Walipima tambarare yake. Kamba ilisema mita arobaini, na ramani ilikuwa imeandika arobaini. Silvanus hakuwa amechukua hata shubiri.

"Shemeji, nimekukosea," Wakesho akasema. "Nisamehe."

"Uliniumiza sana," Silvanus akajibu. "Lakini kesho tutaenda pamoja."

Siku ya Alhamisi walifika ofisini wote watatu. Thadeus alifuata mistari ya ramani kwa kidole. Kati ya barabara na shamba la Wakesho ramani ilionyesha kipande chembamba, mahali pazuri pa kujenga maduka. Kilikuwa kimeunganishwa na shamba la Zephaniah, mjumbe wa kamati hiyo hiyo, aliyekuwa ameketi kando ya karani.

"Ah, hiyo ni kalamu tu imeteleza," Zephaniah akasema.

"Iliteleza ikaangukia kwako!" Wakesho alifoka. "Karani, pembe yangu ni digrii thelathini. Haki yangu ni mita themanini na saba. Hesabu hii mliijua! Mkaitumia kufunika wizi, na mimi mkanicheka mbele ya watu!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wapimaji waliitwa, wakapima upya mbele ya wote, na mpaka wa Wakesho ukarudishwa hadi barabarani. Mita themanini na saba zikaandikwa kwenye ramani.

Wakesho alipokuwa akiondoka, alimsikia karani akimwambia mzee mmoja kwenye foleni, "Mzee, shamba yako iko mlimani, lazima ipungue. Nenda nyumbani."

Wakesho aligeuka, akarudi mpaka mezani.

"Mteremko wake ni digrii ngapi?" akauliza.

Foleni nzima ikasogea karibu na meza, ikimngoja karani aseme.