Mgeni wa Chumba cha Pili

Habari hizi alizisimulia kwanza Fortunata Kokushubira, akimwambia dada yake Marietha, mjini Bukoba, Jumapili ya pili ya Januari mwaka 2009, walipokuwa wakimenya ndizi baada ya misa. Alizisimulia mara moja, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Siku ya pili Marietha alipotaka kuzisikia tena, alikataa. Zimeandikwa hapa kama zilivyosikiwa siku ile.

Mwaka 2007 Fortunata alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfanyakazi wa nyumbani Dubai, mtaa wa Al Qusais, kwa Bwana Thuwein na mkewe Bi Rayya. Walikuwa Waarabu wa Unguja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba. Siku ya kwanza Fortunata alimwita mama mwenye nyumba "madam", kama wakala alivyomfundisha, na Bi Rayya akacheka hata akashika ubavu.

"Madam wako Jumeirah kwa matajiri, mwanangu. Hapa pana Bi Rayya."

Walikuwa na mtoto mmoja, Zuwena, wa miaka sita, naye alikuwa na pumu. Mwezi wa Mei alilazwa mara mbili, na mara ya pili midomo yake iligeuka rangi ya zambarau kabla hawajafika hospitali. Daktari akasema wazi kwamba kifua kile kisikutane na Julai ya Dubai. Apelekwe penye baridi na hewa ya milima, wiki tatu angalau.

Bwana Thuwein alikuwa msimamizi wa ghala huko Jebel Ali. Mwenzake mmoja kazini alimpa anwani ya hoteli katika mji mdogo wa milimani, Italia. Haikuwa hoteli ya kifahari: vyumba kumi, ngazi za mbao, mkate na jamu asubuhi, na mjane mmoja aitwaye Ornella aliyeiendesha kwa mikono yake. Bwana Thuwein alirudi nyumbani magharibi akiwa hoi, na Bi Rayya hakujua Kiingereza; basi Fortunata, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyeandika barua pepe zote za kwenda kwa huyo Ornella. Chumba cha kwanza kwa bwana na bibi. Chumba cha pili, vitanda viwili, kwa Zuwena na yeye Fortunata. Pasipoti yake, iliyokuwa imefungiwa katika kabati la chuma la Bwana Thuwein tangu alipofika, ilitolewa kwa mara ya kwanza. Alinunua sweta jekundu sokoni Deira, akalijaribu chumbani kwake kiyoyozi kikiwa kwenye baridi ya mwisho, akaandika kwao kwamba ataiona theluji.

Mambo yalianza mchana, saa saba, jua likiwa utosini. Bi Rayya na mtoto walikuwa wamelala. Fortunata alikuwa mezani kwenye kompyuta, akiandika idadi ya wasafiri, aliposikia harufu ya udi.

Udi ulikuwa umepigwa marufuku katika nyumba ile kwa ajili ya kifua cha Zuwena. Chetezo kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, juu ya kabati la jikoni, tangu Ramadhani ya mwaka uliopita. Fortunata aliinua pua, akafikiri labda ni jirani, akaendelea kuandika. Kisha akasikia makubadhi yakiburuzwa taratibu sakafuni nyuma yake, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza:

"Mwaenda wapi?"

Bi Rayya alikuwa na mashangazi Sharjah, na mashangazi hao walizoea kuingia bila hodi. Fortunata hakugeuka. "Tunaenda Italia, Bibi. Milimani. Karibu, twende wote."

Mswahili akiulizwa aendako hataji mahali akanyamaza, hukaribisha. Ni adabu tu. Na anayekaribishwa ana jibu lake: "Ahsante, tangulieni." Hakuna abebaye mzigo akafuata.

Sauti ikasema: "Haya. Ntakuja."

Fortunata aligeuka. Sebule ilikuwa tupu. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo unaning'inia kwa ndani.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba ni joto. Alifanya ishara ya msalaba, akaituma barua.

Siku ya tatu Bwana Thuwein alirudi na jibu la hoteli, alilolichapisha ofisini kwake. Ubalozi ulitaka karatasi hiyo, yenye majina ya wasafiri wote, ndipo wapewe viza, na miadi ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Aliiweka mezani, akaigonga kwa kidole.

"Fortunata, hebu nisomee hapa. Umeandika nini wewe?"

Fortunata akasoma. Chumba cha kwanza: Bwana Thuwein na Bi Rayya. Chumba cha pili: Fortunata na Bibi.

"Bibi yupi?" akauliza Bwana Thuwein. "Mama yangu yuko kaburini Maskati, mama yake huyu yuko kaburini Unguja. Na mwanangu yuko wapi?"

"Nilimwandika, Bwana. Naapa nilimwandika."

"Chini kuna maneno mengine. Soma."

Fortunata akasoma. Ornella alikuwa anashukuru kwa simu ya Bibi. Alisema ni mama mpole, mwenye Kiitaliano kizuri cha zamani, na kwamba maombi yake yatatimizwa: dirisha la chumba cha pili lisifunguliwe, na chakula chake kisitiwe chumvi.

Bi Rayya, aliyekuwa anamkunia Zuwena nazi ya wali, aliacha mkono juu ya mbuzi. Nani asiyejua kwamba majini hawali chumvi?

"Thuwein," akanong'ona, "funga mlango."

"Ushafungwa."

"Basi washa taa."

Bwana Thuwein alipiga simu hoteli usiku uleule, akasahihisha majina herufi kwa herufi. Asubuhi ikaja karatasi nyingine, na majina yalikuwa yaleyale. Akapiga tena. Ikaja ya tatu, hivyo hivyo. Na katika siku hizo Zuwena alizidiwa. Mashine ya kuvuta dawa, iliyokuwa ikiwashwa mara moja kwa siku, sasa ilikuwa haizimwi. Kila saa saba mchana harufu ya udi ilipita ukumbini, na baada yake makubadhi, na baada ya makubadhi kikohozi cha mtoto.

Siku ya Alhamisi Fortunata alikuwa amemkalisha kitandani, amemwegemeza mito mitatu, anamfuta jasho.

"Dada Fortu," alisema Zuwena, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "Bibi kaniuliza kama kitanda changu cha huko hotelini kirefu."

"Bibi gani, mpenzi?"

"Yule anonikalia hapa." Akajigusa kifuani. "Nimemwambia sijui, sijakiona. Kasema si kitu, kitamtosha."

Hapo Fortunata alikwenda jikoni kwa Bi Rayya, akapiga magoti, akasema yote. Bi Rayya hakumpiga wala hakumtukana. Alikaa juu ya gunia la mchele, akasema, "Ulimkaribisha bila kumtazama uso?"

"Nilidhani ni shangazi."

"Shangazi wangu mimi aseme 'haya'? Shangazi wangu hata chai huikataa mara tatu ndio anywe!" Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

Ijumaa baada ya sala aliitwa Mwalimu Taib. Alikuwa mtu wa Unguja pia, muuza vipuri vya magari Ras Al Khor, na kucha zake hazikutakata mafuta hata siku ya Ijumaa. Wazanzibari wa Dubai walimwita panapokuwa na jambo. Alimsomea Zuwena kwa muda mrefu, mkono juu ya utosi, na mtoto akapata usingizi. Kisha akatoka sebuleni, akauliza nani aliyesema neno la kwanza.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Fortunata. "Lakini mimi ni Mkristo."

"Adabu haina dini, mwanangu. Ulikaribisha, akaitika. Angekuwa amevamia, ningemsomea akatoka. Huyu ni mgeni. Mgeni hafukuzwi na mtu wa pembeni."

"Basi nimwambie mimi mwenyewe asije."

"Mtu kaitikia, kafunga mzigo, umwambie rudi? Hilo ni tusi. Atalipiza, na aliye karibu yake ni huyo mtoto." Mwalimu alishusha sauti. "Sikiliza. Mgeni hana kitanda chake, hulala ubavuni mwa mwenyeji. Chumba kile kina vitanda viwili, kimoja chako. Kingine cha nani?"

"Cha Zuwena," alisema Fortunata.

"Basi hakuna safari," alisema Bi Rayya. "Khalas. Tutabaki."

"Tukibaki, Julai itamuua," alisema Bwana Thuwein, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa mle ndani.

Fortunata alitazama mlango wa chumba cha mtoto. "Mwenyeji asipokwenda je?"

Mwalimu Taib akamgeukia. "Mgeni hufuata aliyemwalika. Ukibaki wewe, atabaki. Lakini mjue mtakuwa wawili."

Fortunata alisimama katikati ya sebule, akiangalia pale ambapo sauti ilitokea. Alisema kwa heshima, kama mtu anavyosema na mtu mzima: "Bibi, nilikukaribisha na nimepata dharura. Safari yangu haipo tena. Wenzangu watatangulia. Mimi nipo hapa hapa. Karibu."

Kiyoyozi kilizimika. Katika ukimya ule walisikia wote wanne, wazi kabisa, mtu akivua makubadhi mlangoni, moja, kisha la pili.

Kesho yake hoteli ilileta karatasi ya majina matatu, Zuwena akiwemo. Chini Ornella aliongeza kwamba Bibi amepiga simu kuaga. Amesema atakaa na mwenzake.

Walisafiri tarehe tano Julai. Bwana Thuwein alitaka Fortunata ahamie kwa mashangazi Sharjah, naye akakataa, kwa kuogopa kumpeleka mgeni kwenye nyumba nyingine. Siku ya kwanza alipika chakula cha wawili, kimoja bila chumvi, akala akiangalia sahani yake tu. Siku ya pili Bi Rayya alipiga simu: Zuwena amepanda ngazi za hoteli mbio, mara mbili, na hajakohoa. Fortunata alilia kwa furaha, na alipoweka simu chini akasikia mtu karibu na sikio lake akipumua pumzi fupi fupi, za kukwaruza, pumzi zilezile za Zuwena, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenziwe aone kama inamkaa.

Siku ya tatu ndipo lilipomjia neno alilolisikia tangu utotoni, kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akafikiri: hakuna mgeni mwenye hadhi atakayekubali. Ataona ametwezwa, ataondoka kwa hasira zake, na mtoto yuko mbali, hatamfikia. Akajipa moyo. Saa saba mchana, harufu ilipoingia, alisimama wima, akasema kwa ukali wa kujilazimisha:

"Bibi, siku mbili zimekwisha. Hapa kwetu siku ya tatu mgeni hufanya kazi. Kuna vyombo jikoni. Kuna nguo kapuni za kupiga pasi. Kuna sakafu. Kama hutaki, mlango ule pale."

Akaingia chumbani kwake, akafunga, akakaa kitandani na rozari mkononi. Kwanza kulikuwa kimya, na akaanza kutumaini, kisha akasikia maji yakifunguliwa jikoni, na sahani ikigusana na sahani, taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi kabla yake, na baada ya sahani ufagio, na baada ya ufagio pasi ikipumua mvuke juu ya kitambaa, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, huku harufu ya udi ikipenya chini ya mlango na kuingia kwenye mashuka na nywele zake na hata kwenye mate aliyoyameza, na yeye akihesabu Salamu Maria na kupotea na kuanza upya, mpaka jua likainama na kila sauti ikakoma kwa pamoja, na makubadhi yakaja mpaka mlangoni kwake yakasimama.

"Nimemaliza," ilisema sauti, bila hasira hata chembe. "Na kesho?"

Hapo ndipo Fortunata alipolielewa kosa lake la pili, lililokuwa kubwa kuliko la kwanza. Mgeni aliyepewa jembe akalikataa huenda zake. Aliyelipokea akalima, huyo ni wa nyumbani.

Familia iliporudi ilikuta nyumba inang'aa na nguo zote zimepangwa, sweta jekundu likiwa juu, limepigwa pasi. Zuwena hakulazwa tena. Bi Rayya alimshika Fortunata mikono yote miwili, akataka kuuliza, asiulize. Mkataba ulipokwisha, Desemba 2008, walimsindikiza uwanja wa ndege kwa machozi, na tangu siku ile hakuna aliyesikia tena harufu ya udi Al Qusais.

Mwalimu Taib alifariki Unguja mwaka 2013. Bwana Thuwein alifariki Maskati mwaka 2019. Bi Rayya yu hai, macho yake hayaoni vizuri. Zuwena yu hai, ni mwalimu wa kuogelea. Marietha yu hai. Fortunata naye yu hai, anaishi peke yake Bukoba, hajawahi kuajiri msichana wa kazi, na majirani husema hawajaona nyumba safi kama ile.