Tangu Ochola Alipokataa Samaki

— Nimeshiba, Mama Tevin.

— Umeshiba nini, na hata tonge hujakata?

Ochola aliisukuma sahani kwa kidole kimoja. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha tewa, kimepikwa kwa nazi mbili na ukwaju, pilipili imeachwa nzima juu kama alivyokuwa akipenda. Zamani kichwa kile hakikuguswa na mtu mwingine nyumbani. Alikifyonza mfupa mmoja mmoja, macho amefumba, mpaka mkewe Mueni akamwambia awaachie paka nao.

Sasa ilikuwa imetimia miezi minne. Samaki akipakuliwa, Ochola ameshiba.

— Kazini mmekula?

— Chai tu.

— Na hiyo sabuni ya waridi unayonukia kila jioni? Karani wa stoo anaoga kazini siku hizi?

— Joto la Malindi unalijua.

Akaondoka kwenda msalani. Simu yake ikalia pale mkekani, na Mueni, ambaye hajawahi kuigusa, akaigusa.

“Sabuni umeiacha kwangu tena. Shati nimelifua, kesho nitakupa. Jedida.”

Mueni aliisoma mara tatu. Akaosha vyombo, akaviosha tena. Akafagia ua wa nyumba yao pale Gede, uliokwisha kufagiliwa. Alfajiri, Ochola alipoondoka, akampigia dada yake Kavata, aliyeko Magarini.

— Dada, Baba Tevin hali.

— Mwanaume asiyekula kwake hafi njaa, Mueni. Kuna anayempakulia.

— Nimeona jina. Jedida.

— Basi nenda ukamwone kwa macho yako. Halafu mchukue mtoto uje kwangu. Kitanda kipo.

Akapanga nguo zake na za Tevin katika begi moja, akalivuta mpaka mlangoni. Akalirudisha ndani. Akalivuta tena. Saa nne, Tevin akiwa shuleni, alikuwa Malindi, kwenye lango la kampuni ya samaki.

— Namtafuta Ochola, karani wa stoo.

Askari akamtazama.

— Karani wetu ni Nidhi, binti wa mwenye kampuni, miezi minne sasa. Ochola yuko kule nyuma, meza ya kupara samaki.

Kule nyuma palikuwa na meza ndefu ya saruji, maji yakitiririka chini. Wanawake saba wenye visu, na katikati yao mwanamume mmoja, buti za mpira miguuni, magamba yamemganda hadi kwenye nyusi. Alipomwona mkewe kisu kikamponyoka.

— Jedida ni nani hapa?

Mama mmoja wa umri wa kuwa na wajukuu, meno ya mbele hana, akainua mkono.

— Ni mimi, mwanangu. Nawe utakuwa Mama Tevin. Huyu anakutaja mpaka tumechoka.

— Sabuni ya mume wangu inafanya nini kwako?

— Imo humu kikapuni, pamoja na shati lake la kazi nililomfulia. Kila saa kumi anaoga pale bombani, anajisugua ndimu mpaka namwonea huruma ngozi. Ati mkewe akisikia shombo, atajua.

— Nitajua nini, Baba Tevin?

Visu vyote vilikuwa vimesimama.

— Kwamba niliondolewa ukarani, alisema Ochola. Kwetu ziwani mwanamume analeta samaki. Anayekaa kumpara ni mwanamke. Ningeanzia wapi kukwambia?

— Na chakula changu kina kosa gani?

— Hakina. Nikiona lile jicho kwenye sahani, namwona yule samaki wa mia tatu niliyempara siku hiyo. Hamu inaisha.

— Miezi minne kati yetu kitandani amelala mwanamke ambaye hayupo.

— Niliogopa utaniona mdogo.

— Nimekuona mdogo. Si kwa kisu, kwa uongo. Begi la nguo zangu na za Tevin liko mlangoni.

Ochola akanyoosha mikono kumshika, kisha akairudisha, maana yote miwili ilikuwa na utumbo wa samaki. Mama Jedida akageuza ndoo, akaipangusa kwa kanga.

— Kaa kwanza, mwanangu. Safari haiozi.

Mueni akakaa. Simu ikalia mkobani. Ni Kavata.

— Umemkuta?

— Nimemkuta, dada.

— Na nani?

— Na samaki.

— Samaki ndiye nani?

— Nitakueleza. Leo siji.

Akakata simu. Kisha akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha nyingi, wanawake wakatazamana.

— Mimi samaki simpendi, alisema.

— Nini?

— Sijawahi kumpenda. Kwetu Kitui samaki ni ndugu yake nyoka. Miaka tisa namla hivyo hivyo, ile ya mwanzo nikibana pumzi nikimeza.

— Mbona hukusema?

— Ulikuwa unakula umefumba macho, Baba Tevin. Nani angekukatiza?

Mama Jedida aliinama juu ya meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

— Basi miezi hii minne samaki ulikuwa ukimpikia nani? aliuliza Ochola.

— Hata mimi sijui. Usinidanganye tena.

— Sitakudanganya.

— Jioni napika muthokoi. Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hakuna jicho la kukutazama.

Ochola akajikuna shavu kwa kiwiko. Alikuwa ameahidi ukweli nukta ile ile.

— Muthokoi mimi siupendi, Mama Tevin.

— Utauzoea, alisema Mueni, akiinuka kwenye ndoo. Samaki alinichukua miaka mitatu.