Kapsuli Sita za Mwani

Marehemu alikuwa ameegemea mito miwili, miwani puani, kama anayesubiri taarifa ya habari. Inspekta alimgusa shingo. Baridi. Yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Miaka ishirini ya maiti ilikuwa imemmaliza kama sabuni kwenye beseni.

Kando ya kitanda, chupa: "Mwani na Mzizi wa Ginseng. Huinua Kinga ya Mwili."

"Huyu haikumwinua," koplo alinong'ona.

"Koplo."

"Samahani, afande."

Mke wa marehemu alikuwa akikunja shuka miguuni pa kitanda. Aliyesema ni wifi yake, muuzaji wa kapsuli hizo.

"Kaka alizikataa dawa za hospitali. Akameza zangu tu, mbili kwa siku."

"Na jana, Jumatatu?"

"Aliamka mnyonge. Wifi alikuwa sokoni, nikampa sita. Mwani haudhuru, afande. Hata samaki wanakula!"

Inspekta alipasua kapsuli ya kwenye chupa. Unga mweupe.

"Una nyingine?"

"Mfanyabiashara hakosi," alisema, akafungua mkoba.

Ya mkobani ilikuwa kijani na ilinuka bahari.

Jikoni walikuta kinu kidogo chenye vumbi jeupe, na ndani ya pipa la taka, pakiti tupu za vidonge vya hospitali. Alhamisi maabara ilijibu: unga ni vidonge hivyohivyo, na kwenye damu vilizidi dozi mara tatu.

Mke aliletwa kituoni. Wifi yake alimfuata na chupa ya chai, akabaki nje, mlango wazi.

"Nani alisaga?"

"Mimi."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aishi! Akiona kidonge cha daktari, anageukia ukutani. Akiona kapsuli ya dada yake, anafungua kinywa kama kinda. Basi nikamwaga mwani, nikatia dozi ya daktari. Mbili kwa siku. Miezi minne, akaanza kunenepa."

"Wifi yako hukumwambia?"

"Alikuwa anaonyesha wateja picha ya kaka yake aliyepona. Ningeanzia wapi?"

Mlangoni, chupa ya chai ilianguka.

"Wifi," sauti iliuliza, "zile sita..."



Inspekta alivuta karatasi ya maelezo, akaandika tarehe. Mwandiko ulinyooka kama kawaida. Koplo, bila mzaha safari hii, ndiye aliyemwonyesha kwamba ameandika ya Jumapili iliyopita, siku ambayo marehemu alikuwa bado anameza mbili.