Aliyetoka Kipindini

Soko la Kasulu lilifurika Jumamosi ile ya mwaka 2013. Veronica, ndani ya gauni la kitenge cha njano, aligongwa bega na gunia la maharage.

"Samahani dada, gunia halina macho."

"Na aliyelibeba?"

"Anayo. Yalikuwa yanakutazama wewe."

Veronica akacheka bila kutaka. Alikuwa mwalimu kutoka Bukoba, sasa makamu mkuu wa sekondari ya kata. Kijana mrefu yule aliitwa Reverien. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, wakapata uraia. Alimaliza kidato cha sita, hisabati ikimtii kama ng'ombe anayejua zizi lake, lakini kazi hakuwa nayo, ila kuuza maharage pale sokoni. Simu zikaanza, kisha beti za mapenzi, kisha penzi lenyewe, la siri.

Mwaka uliofuata shule ikatafuta mwalimu wa muda wa hisabati. Reverien akaomba. Kila mwombaji alifundisha kipindi kimoja, bodi ya shule, Veronica akiwemo, ikisikiliza kutoka madawati ya nyuma. Reverien aliposhika chaki tu, Veronica akainuka, akatoka bila kumtazama. Chaki ikavunjika mkononi mwa Reverien.

Kazi akapata Recho, binti wa Kitanga.

"Rev, mpenzi wangu," Veronica alipiga simu jioni.

"Mpenzi gani? Umenikimbia mbele ya watu! Mtoto wa mkimbizi anakutia aibu?"

"Nisikilize kwanza…"

"Nimeuona mgongo wako, mwalimu. Unatosha."

Akakata, na hakupokea tena.

Siku moja Mzee Tharsisi, mwenyekiti wa bodi, akaja sokoni kununua maharage kwa Reverien.

"Kumbe wewe ndiye mchumba wa madamu?"

"Nani kasema?"

"Yeye! Mwaka jana nilimwingiza mpwa wangu, akawafundisha watoto kusinzia. Safari hii madamu akatubana: mwenye ndugu au mpenzi kati ya waombaji amtaje, atoke zamu ya huyo ikifika, asimpigie kura. Tukainamisha vichwa. Akasimama yeye wa kwanza: 'Reverien ndiye mwanamume ninayetaka anioe.' Mwanangu, niliona haya. Nami nikamtaja mpwa wangu, aliyeomba tena, na zamu yake ilipofika nikatoka."

"Na Recho?"

"Alikushinda. Watoto walimwelewa. Wewe ulitetemeka."

Reverien aliacha mizani ikining'inia, akarukia bodaboda. Alimkuta Veronica chini ya kengele ya shule, vumbi la chaki kwenye sketi yake ya bluu.

"Wengi huficha wapenzi, kiti kisiwaponyoke;
Wewe umetaja penzi, ili haki itendeke."

"Beti baada ya kunikatia simu?"

"Nilikuwa mjinga, Vero. Lakini ungenyamaza, ningepata kazi."

"Ungepata. Na kila ukiingia darasani, watoto wangeniona mimi nyuma yako."

Reverien akamtazama kama mtu anayeutazama mlima wa kwao kwa mara ya kwanza.

"Sina kazi. Nina maharage na jina langu. Utakubali nikuoe?"

Veronica akavuta kamba ya kengele, wanafunzi wakamiminika nje.

"Mimi nilishajibu," alisema. "Kamuulize mwenyekiti."