Fundi Cherehani Afaulu Mtihani wa Forodha

"Mtihani huo nitautunga kabla chai haijapoa," alisema Lakiri.

Mkewe alikitazama kikombe. Kilikuwa bado kinafuka moshi. Alikuwa ameishi na Lakiri vya kutosha kujua kwamba maneno yake ni kama uji wa moto: huyafuati mbio, unasubiri.

Lakiri halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lakiri ni kile kifungo kinachowekwa kwenye mlango wa kontena ili mtu asiufungue njiani. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu akishika jambo haachii, hata likiwa si sahihi. Kazi yake ilikuwa uwakala wa forodha. Mtu akiagiza mzigo kutoka nje, wakala humwandikia tamko: mzigo ni kitu gani, thamani yake ni ipi, unatoka wapi na ushuru wake ni upi. Wakala akikosea, mzigo hukwama. Au hupita mzigo ambao haukutakiwa kupita.

Na makosa yalikuwa yametokea. Mwaka uliopita, wakala mmoja asiyejua kazi aliandika dawa za hospitali kama bidhaa za kawaida. Kontena likakaa juani mpaka dawa zikaharibika. Ndipo ikaamriwa kwamba kila wakala afanye mtihani wa leseni. Chama cha mawakala kikamchagua Lakiri atunge maswali, ayalete kikaoni Jumatatu. Yasipofaa, kazi angepewa wakala mwenzake wa ghorofa ya pili ofisini kwao, mpinzani wake, aliyependa kusema kwamba Lakiri ni hodari wa kugonga mihuri tu.

Chai ilipoa. Ikamiminwa nyingine, nayo ikapoa. Jumamosi mchana Lakiri akatoka chumbani na maswali ishirini, ameyashika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Mwonyeshe mwalimu," alisema mkewe.

Mwalimu alikuwa jirani yao, mkufunzi wa wauguzi. Aliwahi kukaa kwenye jopo la kutunga mtihani wa leseni ya uuguzi.

"Mwalimu anajua sindano," alisema Lakiri. "Makontena anayajulia wapi?"

"Hajui makontena. Anajua mitihani."

Mwalimu alikuja, akayasoma yote bila kucheka. Hilo lilimtia Lakiri wasiwasi, kwa maana mwalimu hucheka hata misibani akijisahau.

"Shemeji, umeyajaribu kwa nani?"

"Kwangu mwenyewe. Nimepata yote."

"Mwamba ngoma huvutia kwake. Tafuta watu wawili. Mmoja awe anaijua kazi. Mwingine awe haijui hata kwa kuota."

Wa kwanza hakuwa mbali. Mkewe Lakiri alikuwa wakala wa forodha kabla hajafungua duka la vipuri, na wateja wa zamani bado walimfuata dukani kumuuliza mambo ya mizigo. Wa pili aliitwa kutoka kibanda cha mbele. Alikuwa fundi cherehani, kijana aliyemaliza sekondari, mtanashati, mwepesi wa maneno na, kwa ushahidi wa watu wengi, mwenye akili kubwa kuliko kibanda chake.

Wakakalishwa pande mbili za meza. Kila swali lilikuwa na majibu manne, uchague moja. Mkewe Lakiri alisoma, akakunja uso, akarudia. Fundi alipiga mluzi na kumaliza mapema, akaomba maji.

Mwalimu alisahihisha kwa kufuata majibu ya Lakiri. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Mama, tisa. Fundi, kumi na saba."

Lakiri alimtazama fundi kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kijana, umewahi kufanya kazi ya forodha?"

"Hapana, mzee. Mzigo mkubwa niliowahi kupitisha ni suruali yako, na hata hiyo ilikwama kiunoni."

"Sasa umejuaje majibu?"

"Jibu lako la kweli huwa refu kuliko mengine. Hapa umeuliza wakala afanye nini mzigo usipolingana na hati. La kwanza, alale. La pili, akimbie. La tatu, aimbe. La nne lina mistari mitatu. Hata mbuzi wangu angefaulu, na mimi sina mbuzi."

Mwalimu sasa alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa bado ameshika karatasi yake.

"Baba, umeuliza hati za mzigo hupokelewa dirisha la ngapi. Dirisha la tatu lilizibwa tangu hati zilipoanza kutumwa kwa kompyuta. Hapa unataka namba ya kifungu cha sheria. Nilipokuwa kazini nilikuwa nafungua kitabu, sikukariri. Na hapa unauliza hati ipi ni muhimu kuliko zote. Kwa mzigo gani? Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi."

Masikio ya Lakiri yalipata moto. Alianza kumsikia yule bwana wa ghorofa ya pili akicheka hata kabla ya Jumatatu.

"Basi Jumatatu nimekwisha," alisema. "Mtihani wangu unamnyima leseni mke wangu na kumpa fundi."

"Afadhali umejua leo," alisema mwalimu. "Kosa lako ni moja. Umeanza na maswali. Sisi kwa wauguzi tunaanza na kazi. Waulize mawakala wengi, wa mizigo mbalimbali: kila siku mnafanya nini? Kosa gani likitokea linaumiza watu? Pale penye madhara makubwa, weka maswali mengi. Penye madhara madogo, machache."

"Dirisha la tatu?"

"Dirisha liache kwa fundi wa madirisha."

Lakiri alivuta kiti. "Na haya majibu ya uongo?"

"Wakala mchanga akikosea, hukosea vipi? Hayo makosa yake ndiyo majibu ya uongo. Yafanane urefu na lile la kweli. Asiyejua asilitambue la kweli kwa macho tu, na anayejua asibabaike. Na jibu sahihi liwe moja, ambalo wataalamu wote watalikubali."

"Alama ya kufaulu nimeweka nusu."

"Kwa nini nusu?"

Lakiri alifikiri. "Kwa sababu ni nusu."

"Shemeji, mfikirie wakala ambaye ndio kwanza anatosha. Si bingwa. Lakini mzigo wa dawa ungempa na ukalala usingizi. Wataalamu kadhaa wapitie kila swali, wajiulize huyo angelipata au asingelipata. Hapo ndipo mnapata alama ya kufaulu. Na maswali yafungiwe. Walioyaona wale yamini kwamba hawatayasema."

"Kazi hiyo si ya mtu mmoja."

"Haijawahi kuwa. Anza na yule asiyekubaliana na wewe."

Lakiri alisimama. Aliyachana maswali yake ishirini. Kisha akachukua simu, akampigia yule bwana wa ghorofa ya pili.

"Ndugu yangu," alisema. "Nahitaji jicho kali la kunikosoa. Sijui lingine kali kuliko lako."

Upande wa pili sauti ikasema, "Nakuja. Chai ipo?"

Jumatatu walisimama wawili mbele ya kikao. Hawakuwa na maswali. Walikuwa na mpango, na kikao kikaupitisha. Miezi ikapita kwa kuuliza mawakala, kutunga, kubishana na kufuta. Maswali mapya yakajaribiwa kwa wajuzi na kwa wasiojua. Mkewe Lakiri akayapata karibu yote. Mtihani ulipofanywa, wanaojua kazi walipita, na wale wa kubahatisha wakarudi kusoma. Makontena ya dawa sasa yanaandikwa kama makontena ya dawa.

Kuhusu fundi cherehani, itoshe kusema kwamba alisaidia sana taifa.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia kuandika. Mkewe Lakiri alikuja kibandani kuchukua gauni lake, akaikuta karatasi juu ya cherehani, akaisoma yote akiwa amesimama.

"Fundi," alisema, "hizi sifa za mtanashati na akili kubwa nani amekupa?"

"Ushahidi wa watu wengi, mama."

"Na mbona ile mara ya pili, tulipojaribu maswali mapya, hujaandika ulipata ngapi?"

"Mama, tulikula yamini. Maswali yale ni siri."

"Maswali ni siri. Alama zako si siri." Akachukua chaki yangu ya kuchorea nguo. "Ulipata mawili. Kila hati zilipotofautiana kuhusu uzito wa mzigo, wewe ulichagua kupunguza namba zilingane, kama vile unakata suruali."

Akayaandika hayo mwishoni mwa karatasi kwa herufi kubwa. Kisha akauliza kama gauni liko tayari.

Halikuwa tayari.