Gauni la Laptopu

Katika nyumba ya mama mshonaji, kila kitu kilivaa nguo. Redio ilikuwa na kitambaa cha maua. Televisheni ilikuwa na shela. Jagi la maji lilikuwa na kofia, na mtungi wa gesi ulivaa sketi ya marinda. Majirani walitania kwamba ukikaa sana kwenye kochi lake bila kutikisika, na wewe utapimwa.

Mama alishonea sebuleni, kwenye meza kubwa chini ya dirisha. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, dereva wa lori, ambaye alikuwa safarini zaidi ya kuwa nyumbani. Kijana huyo alipooa, alimleta mkewe aishi na mama. Binti alikuja na sanduku la nguo na laptopu. Alikuwa anasomea uhasibu kwa njia ya mtandao.

Mama alimpenda mkwe wake tangu siku ya kwanza. Na mshonaji akipenda hasemi, anashona. Alichukua futi yake akaipima laptopu, juu na chini. Akaishonea gauni la kitambaa kizito. Katikati akatia sponji, pembeni akazungushia lesi. Aliacha wazi kioo na vitufe tu, ili mashine ifanye kazi huku imevaa.

"Hili litaikinga na vumbi," alisema. "Hata mashine huona baridi, mwanangu."

Mkwe alilipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Limependeza sana."

Tangu siku hiyo, hakuna aliyeiona laptopu ile ikiwa uchi.

Mezani hapakuwa na nafasi. Vitambaa vilijaa mpaka ukingoni. Kwa hiyo mkwe alisomea kwenye kochi, laptopu ikiwa mapajani, au kitandani juu ya blanketi. Haukupita muda, mashine ikaanza kuvuma.

"Mbona inalia hivyo?" mama aliuliza.

"Ni feni yake, mama. Haina neno."

Lakini neno lilikuwepo. Laptopu ikawa nzito. Ukibonyeza leo, inajibu kesho. Kisha ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi. Mama alimtazama binti akiiwasha upya, akatikisa kichwa. Jioni moja alimpigia mwanawe simu.

"Mkeo ni mtoto mzuri," alisema. "Ila hana mkono wa kutunza kitu. Ile mashine anaitesa tu."

Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na binti alikuwa chumbani. Mama alijua ukuta ni mwembamba. Alisema hivyo hivyo. Ulimi hauna mfupa.

Siku ya mtihani wa mwisho ilikuwa ya joto kali. Bati lilikuwa linalia juu ya vichwa vyao. Mtihani ulifanyika kwenye laptopu, kwa muda maalumu, na ofisi moja ilikuwa imemwahidi binti kazi endapo angefaulu. Mama alitaka kumsaidia. Alisimamisha cherehani. Alifunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie, akavuta na pazia. Kisha akaketi mlangoni kama askari, asipite mtu.

Binti aliandika, jasho likimtiririka. Mashine ilivuma kwa nguvu, kisha ikanyamaza.

"Mama! Imezima!"

Aliiwasha. Ikawaka kidogo, ikazima. Akaiwasha tena. Ikazima kabla hata ya kuonyesha kitu. Mara ya tatu haikuitika kabisa, na saa ya ukutani iliendelea kutembea. Muda wa mtihani ukaisha hivyo, binti ameikumbatia mashine iliyokufa.

Mama aliogopa. Lakini hofu yake ilitoka kwa sura ya hasira.

"Si nilisema? Si nilisema hujui kutunza kitu?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Hakuwa na kosa, na bado yeye ndiye aliyeomba msamaha. Neno lile lilikuja kumnyima mama usingizi kwa muda mrefu.

Kesho yake waliipeleka laptopu kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda mwisho wa mtaa. Fundi huyo alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, na watu walimwita Daktari. Alipoliona gauni alicheka.

"Makubwa! Huyu mgonjwa amevaa koti, anakwenda kwenye barafu? Nani kamvika?"

Mama alifungua mdomo. Mkwe akamuwahi.

"Nililinunua mwenyewe," alisema. "Sokoni."

Mama akafunga mdomo. Alisikia aibu.

Daktari alilivua lile gauni, akaigeuza laptopu.

"Mnaona matundu haya ya chini? Hapa ndipo inapovutia hewa. Na haya ya ubavuni ndiyo ya kutolea joto. Ni pua na mdomo. Mmeviziba vyote viwili. Ukifanya kazi unaiweka wapi?"

"Mapajani," alijibu binti. "Au kitandani."

"Umeiziba mara ya pili. Sasa sikilizeni. Mnasema ilizima. Mimi nasema ilizimia. Mtu akifungiwa mahali pasipo na hewa, si huzimia? Na laptopu, joto likiizidi hujizima yenyewe isiungue. Ukiiwasha palepale, unamwamsha mgonjwa kwa kofi. Iache ipoe kwanza, nusu saa hivi."

"Kwa hiyo haitakiwi kupata joto kabisa?" mama aliuliza.

"Lazima ipate, mama. Hata mimi na wewe tuna joto. Ikiwa imetulia, ndani yake huwa kama nyuzi joto arobaini mpaka hamsini. Ikipewa kazi ngumu, inapanda hadi sabini au themanini. Hiyo ni kawaida. Ikipita tisini na kubaki huko, hapo kuna shida. Ikikaribia mia, joto la maji yanayochemka, nyingi hujizima. Zinatofautiana kidogo, lakini ndiyo hesabu yenyewe. Nitawawekea programu ya kuonyesha hizo nyuzi."

"Sasa si tuiweke kwenye friji?"

"Wee mama! Itaingia unyevu, ife kabisa. Iweke juu ya kitu kigumu, mezani au kwenye ubao. Inyanyue kidogo nyuma, hewa ipite chini. Ikae mbali na jua. Dirisha liwe wazi. Programu usizozitumia, zifunge. Na siku ukiona betri imevimba, usiichaji, usiibonyeze. Niletee."

Alisema hayo huku akifungua skrubu. Alipoinua kifuniko, akapiga mluzi. Feni ilikuwa imezibwa na nyuzinyuzi zilizoshikana kama pamba.

Mama alisogea kutazama. Nyuzi zile alizijua. Ya buluu ilitoka kwenye sare za shule alizoshona. Ya njano ilikuwa ya mapazia ya jirani. Nyekundu ilikuwa ya lile gauni lenyewe. Aliona kazi ya mikono yake imelala juu ya feni.

"Daktari," alisema, "hilo gauni halikununuliwa sokoni. Nimelishona mimi. Na hizo nyuzi ni zangu."

Daktari alimtazama, kisha akamtazama binti. Siku hiyo hakufanya mzaha tena.

"Itapona," alisema polepole. "Nitatoa uchafu, nitabadilisha na dawa inayopakwa ndani kupitisha joto, iliyopo imekauka. Kila miezi michache mniletee niipulize vumbi." Akamgeukia binti. "Wewe je, mapaja yako yako salama?"

Binti alilivuta gauni alilovaa, akafunika magoti.

Walipofika nyumbani, mama alifunga mlango.

"Nionyeshe," alisema.

Binti alipandisha gauni lake kidogo. Juu ya magoti palikuwa na madoa mekundu yaliyofanya wavu, mengine yameanza kuwa meusi. Ni alama ambazo ngozi huweka ikikaa na joto kila siku.

"Mwanangu! Ulijua?"

"Niliona inaunguza, mama. Kila nikitaka kulivua, nakukuta unalitazama ukitabasamu. Nikaona nivumilie."

"Ukakubali kuungua?"

"Niliogopa kukuvunja moyo."

Mama alikaa chini. Aliwahi kujisifu kwa majirani kwamba mkwe wake hana mdomo. Sasa alijiuliza yeye ni mtu wa namna gani, mpaka mtoto wa watu aone heri kuungua kuliko kumwambia neno.

"Nisamehe," alisema. "Na lile la kwenye simu ulilisikia, najua. Nisamehe na hilo."

Muuguzi wa kituo cha afya aliyatazama madoa, akasema yatafifia polepole mradi joto lisirudi. Mama alifumua gauni la laptopu uzi kwa uzi. Aliondoa vitambaa kwenye nusu ya meza, upande wa dirisha, akaweka ubao. Laptopu ikakaa hapo, imeegemezwa kwenye vipande viwili vya mti. Binti aliposoma, mama alishonea barazani, na kila jioni alifagia nyuzi. Binti alimfundisha kusoma namba za joto. "Hamsini na nane," mama alitangaza kwa sauti. "Mgonjwa hajambo."

Mtihani uliofuata ulikuwa nusu mwaka mbele. Binti aliufanya siku ya joto vilevile, na mashine haikuzima. Alifaulu vizuri. Lakini ile kazi haikumngoja. Ofisi ilikuwa imeshamchukua mtu mwingine. Ilimbidi aanze upya kutafuta. Mama alilijua hilo, na lilimuuma, kwa sababu halikuwa na pa kushonwa.

Siku mwanawe aliporudi safari, mama alipika. Wakaketi watatu. Binti aliweka tonge mdomoni, akasita, akameza.

"Mama," alisema, "chumvi imezidi."

Mkono wa mumewe ulikwama hewani. Mama akaonja.

"Kweli imezidi. Na jana je?"

"Na jana, mama."

"Na zile siku nyingine?"

Binti alitazama sahani. "Nyingi, mama."

Mama alicheka, mwanawe akacheka. Lakini mama alikuwa anafuta macho. Alizikumbuka sahani zote ambazo mtoto huyu alizimaliza akasema asante. Kisha akavuta bakuli, akainuka kwenda kupika upya.